Sifa na Ustahimilivu wa Mtoto

Ustahimilivu, yaani uwezo wa mtoto kuendelea na kazi iliyomshinda mara ya kwanza, hutegemea kwa kiasi fulani aina ya sifa anazopewa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck walibaini kuwa watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na mafumbo magumu ya maumbo, walilegea upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Hata hivyo, bidii isiyo na mbinu humchosha mtoto bure. Kwa hiyo mzazi anayemwona mwanawe amekwama kwenye hesabu ya kugawanya hana haja ya kumpokonya penseli (kosa la wengi, hasa usiku ukishaingia), bali amwulize ni hatua ipi iliyomtatiza, kisha amwachie aifute na kuirudia mwenyewe.