Kuziba Kioo cha Land Rover Kinachovuja



Nimeombwa nizungumzie ufundi. Nimechagua Land Rover ya zamani ya turubai, ile ambayo kioo chake cha mbele huweza kulazwa juu ya boneti. Kwa mvua zetu za Ngara na Biharamulo, kioo kikivuja dereva hulowa magoti. Lakini magoti hukauka, chuma huoza. Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu, ndiyo maana watu husema haliliwi na kutu. Sivyo. Ukuta unaobeba kioo, unaotenganisha injini na abiria, ni wa chuma, na maji huteremkia hapo.

Kwanza tafuteni mahali panapovuja. Mmoja akae ndani na chaki. Mwingine amwage maji taratibu, akianzia chini kupanda juu. Akianzia juu, maji yatateremka kote na hamtajua yalikoingilia. Angalieni kingo za kioo, chini ya fremu, na vidirisha vya hewa vilivyo chini yake.

Msipake lami juu ya ufa. Hufungia maji ndani. Ondoeni mpira uliokakamaa, sugueni kutu kwa brashi ya waya, pakeni rangi ya kuzuia kutu, na ikikauka wekeni mpira mpya. Kazeni nati za pande zote mbili kidogo kidogo, kwa zamu, ili fremu ikae sawa. Kisha mwageni maji tena.

Vijana, anayeziba kabla ya kutafuta huficha ugonjwa tu.