Desemba Isikukalishe Kitini: Mazungumzo na Wakazi wa Kapsoit



Mazungumzo ya leo hayamhusu mchuma chai aliyetoka alfajiri na kikapu mgongoni, akapanda na kushuka mteremko hadi majani yakafika kituo cha kupimia. Huyo hana haja ya kuambiwa akimbie jioni. Anachohitaji ni kuketi, kunyoosha mgongo na kunywa maji. Yanamhusu yule ambaye Desemba humkalisha: mwenye duka, mwalimu aliyefunga shule, mwanabodaboda anayeshinda juu ya pikipiki, mwanafunzi na simu yake, na kijana aliyetoka Nairobi, zaidi ya kilomita 250 akiwa ameketi garini.

Siku hizi hata mwendo wa dakika kumi kwenda sokoni Kapsoit hulipiwa pikipiki. Bodaboda hana lawama, anatafuta riziki. Lakini mguu umekosa kazi na sahani haijapungua. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kuna mbuzi kwa huyu, chapati na soda kwa yule, mursik kwa wa tatu, na nani atakataa chakula cha shangazi?

Ubaya ni kwamba presha haipigi hodi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mtu hujiona mzima, anacheka na wageni, kumbe mishipa inaumia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Watoto wa shule wanahitaji dakika 60 kila siku. Tangu mwongozo wa mwaka 2020, hata dakika chache chache huhesabiwa. Kipimo chake ni rahisi: ukitembea unaweza kuzungumza, lakini wimbo unakushinda. Kwa milima ya huku, hilo halihitaji kwenda mbali. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgeni kutoka Mombasa asishindane na shemeji yake siku ya kwanza. Aanze polepole.

Tena mgeni asiogopwe. Mpeni kikapu aingie shambani asubuhi, achume majani mawili na chipukizi, aone mgongo unavyosema. Vijana wachote maji na kupasua kuni. Mara nyingi mama husimama jikoni kutwa nzima huku wanaume watano wakingoja chai chini ya mti. Hapo dawa ni wanaume kuinuka, mama naye apate nusu saa ya kutembea na jirani yake. Baada ya chakula cha mchana, ukoo mzima unaweza kumsindikiza nyanya hadi boma la pili kwa miguu.

Kericho ndiyo iliyomlea Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Hakuna anayedaiwa kasi yake. Ila watoto wajue kwamba mbio hazikuanzia kwenye televisheni. Wapeni mpira na uwanja wa shule ya karibu, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Kuna jambo moja la kutahadhari. Barabara ya Kericho kwenda Kisumu na ile ya Sondu hujaa magari msimu huu. Kaunti hii haijasahau Juni 2023, lori lilipowaua zaidi ya watu 50 katika makutano ya Londiani, wengi wao wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara. Tembeeni kwenye vijia vya mashambani. Ikibidi kupita kando ya lami, tazama magari yanayokuja, vaa nguo ya rangi angavu, na giza lisikukute huko, hasa ukiwa umekunywa.

Anayetumia dawa za presha au sukari asiziache kwa sababu ya safari au karamu, wala asidhani kutembea kunachukua nafasi ya kidonge. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi mwaka 2023 wana vipimo vya presha na sukari, na huzunguka vijijini. Mwombe akupime kabla ya mbuzi wa kwanza kuchinjwa. Na yeyote akitembea akahisi kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi kukatika kuliko kawaida, asimame hapo hapo na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni tarehe 25.