Kupiga Picha za Ndege Penye Nuru Haba

Katika msitu wa Irangi, upande wa Embu wa Mlima Kenya, miti mirefu huzuia jua hata mchana. Humo huishi shorobo, ndege wa kijani ambaye wekundu wa mabawa yake huonekana arukapo.

Mpiga picha na atulie, aegemeze kamera mtini, alifungue kabisa tundu la lenzi. Akiongeza wepesi wa kamera wa kupokea nuru kutoka 400 hadi 1600, picha iliyohitaji 1/50 ya sekunde itapatikana kwa 1/200. Chembechembe zitatokea, lakini ni afadhali kuliko picha iliyotikisika.

Karibu na kiota taa ya kamera isiwashwe kamwe. Ndege aliyeshtushwa huweza kuyaacha mayai yake, wala hakuna picha ipasayo kununuliwa kwa uhai wa makinda.