Aje Hata Mikono Mitupu

Kila Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hujaa. Wachaga wanarudi nyumbani: watoto wakawasalimie babu na bibi, mbuzi achinjwe, ukoo ukutane. Ni desturi njema, tuilinde.

Lakini wapo wanaoikwepa safari hiyo kwa kuogopa maswali: utaoa lini, mtoto yuko wapi, umeshajenga? Aliyepoteza kazi hukopa ili asionekane ameshindwa, kisha Januari humkuta na deni pamoja na mahitaji ya shule. Aliyefiwa mwaka huu hulazimika kucheka na wengine.

Wazazi, mpigieni simu kijana mapema, mwambieni aje hata mikono mitupu. Mjane aachwe alie, na marehemu atajwe kwa jina.

Mkimwona ndugu amekosa raha, usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili au zaidi, msiseme ni mvivu au amerogwa. Huenda ni sonona, na sonona inatibika. Akitamka kwamba amechoka kuishi, msimwache peke yake. Msindikizeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Krismasi.