Kioo cha Upepo na Taa za Ziada za Pikipiki
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Cheptiret



Sitasema mengi, maana najua wengine mmeacha pikipiki nje na abiria hangoji.

Hapa Cheptiret tuko juu, zaidi ya mita 2,000, nasi twafanya kazi kando ya barabara kuu ya Nakuru na Eldoret. Alfajiri ukungu umelala chini na baridi yaingia kifuani. Kioo cha upepo si pambo, ni chombo cha kazi. Lakini wengi wetu twaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni twampelekea hesabu yake. Ndiyo sababu nasema kiwe kioo cha kufunga na kufungua. Mimi niliwahi kumwachia tajiri mmoja kioo na taa nilizonunua kwa fedha yangu. Fundi alikuwa ametoboa na kukata waya, basi ikasemwa ni mali ya pikipiki.

Kioo kifungwe kwa vibano kwenye usukani, na chini ya kila kibano weka kipande cha tyubu kuukuu. Ukingo wa juu ufike puani, usipite macho. Kioo hiki hakina waipa. Mvua ikinyesha utatazama juu yake, si ndani yake. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Waya wa klachi au breki ukivutika, sogeza kibano. Usisafishe kwa petroli, plastiki itapasuka; maji na sabuni yatosha. Upepo wa ubavuni ukiwa mkali, kivue, kwa kuwa utausukuma usukani pamoja nacho.

Sasa taa, na hapa ndipo fedha zetu nyingi hupotea. Chukua wati, gawanya kwa volti 12. Taa mbili za wati 20 ni wati 40, yaani ampea 3 na kidogo. Betri ndogo ya ampea 5 kwa saa, injini ikiwa imezimwa, haitafika saa mbili. Kwa hiyo umeme wa taa upite kwenye swichi ya ufunguo, na fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri. Bila fyuzi, waya ukichubuka chini ya tangi la petroli, mnajua wenyewe. Tumieni viungio vya kuchomeka, msikate waya za pikipiki.

Zifungwe chini, zimulike chini. Katika ukungu taa kali iliyoinuliwa hukurudia machoni kama ukuta mweupe, na dereva wa lori anayekuja humpofusha.

Halmashauri yetu iwaombe wenye pikipiki waandike katika mapatano kwamba kifaa alichonunua mwendeshaji ni chake, naye aondoke nacho.

Nina kibano hapa na spana namba 10. Aliye karibu na mlango alete pikipiki yake.