Anayeugua na Anayemuuguza: Hospisi Inapoingia Nyumbani

Nimeombwa nizungumzie hospisi. Nitaanzia chumbani kwa mgonjwa, maana huko ndiko kazi yenyewe inakofanyika.

Mama mmoja alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kutoboa ngozi. Hospitali aliyotoka ilimpa ruhusa ya kurudi nyumbani na vidonge vya panadol, basi. Tulipofika, madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na udi unafuka kwenye chetezo mchana kweupe. Binti yake alitupokea barazani, akasema kwa sauti ya chini: "Dada, watu wameacha kuja." Hakuhitaji kutaja sababu, harufu ya kidonda ilikuwa imefika hadi uani. Mama alikuwa amejifunika kanga mpaka shingoni, akatuomba radhi hata kabla hatujaketi. Nilimwomba anionyeshe maumivu yake kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Akanyoosha vitano. Kisha nikamgeukia binti, nikamuuliza ni lini mara ya mwisho alilala usiku kucha. Akaanza kulia.

Kiswahili kina kuugua na kuuguza. Huyu anaugua, yule anamuuguza. Shina la neno ni lile lile. Lakini kadi zetu za kliniki huandikwa jina moja tu. Ninavyoielewa hospisi baada ya miaka yangu katika kazi hii, ni huduma inayowaona hao wote wawili.

Kwa mama yule tulichemsha maji ya chumvi, tukayaacha yapoe, tukakiosha kidonda bila kukisugua. Tukasaga vidonge vya metronidazole, tukaunyunyiza ule unga juu ya kidonda ili kuondoa harufu, na kukifunika kwa kitambaa safi. Ni dawa ya bei nafuu. Kesho yake binti alifanya mwenyewe, sisi tukimwangalia. Wiki haikuisha, madirisha yakafunguliwa na majirani wakarudi kukaa mkekani. Saratani ilikuwa pale pale. Lakini mama alirudishiwa watu wake, na binti akapata wa kupokezana naye usiku.

Hospisi, kwa hiyo, si lazima iwe jengo. Bi Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yamo mwilini, akilini, katika jamaa zake na katika imani yake kwa pamoja. Huku kwetu, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, na huko mgonjwa hufuatwa nyumbani kwake. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu.

Sasa niseme juu ya mofini, kwani hapa ndipo wengi wetu tunapoogopa. Tumesikia, na wengine tumesema wenyewe, kwamba mgonjwa akishaanzishiwa mofini ndiyo kwaheri. Si kweli. Kinachoua ni ugonjwa. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi humwezesha mgonjwa kula, kulala na kuzungumza na wanawe. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kuanza na kipimo kidogo. Dozi ya kulalia huongezwa mara mbili ili maumivu yasimwamshe usiku wa manane, na akilala yeye, anayemuuguza naye hulala. Dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Ukiisahau, mgonjwa atafunga choo, ataikataa mofini, na lawama itakuwa yetu. Uganda walitambua kwamba madaktari hawafiki vijijini, wakabadilisha sheria mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini. Naamini nchi zetu nyingine zingefaidika kwa kufuata njia hiyo.

Jambo jingine zito ni siri. Jamaa hutuvuta pembeni: "Usimwambie, atakufa kwa mawazo." Wanasema hivyo kwa mapenzi, tusiwakemee. Lakini mara nyingi mgonjwa anajua, naye anawaficha wao. Hukaa chumba kimoja kila mmoja akimlinda mwenzake, na muda unapita bila wosia, bila kusema nani atalea watoto, bila deni kutajwa. Kazi yetu ni kumuuliza mgonjwa kwa upole anajua nini na angependa kujua nini, kisha kuwakalisha pamoja. Mashehe na wachungaji mliopo hapa, mkiingia katika kikao hicho mapema mnasaidia kuliko mkiitwa siku ya mazishi.

Na mazishi yakiisha, matanga yakiondolewa, nyumba hubaki kimya. Binti yule tulimtembelea wiki ya tatu baada ya mama yake kufariki. Alikuwa bado anaamka saa nane usiku, saa ya kumgeuza mama. Aliuliza jambo moja tu: kama angempeleka hospitali mapema, angepona? Tulikaa naye jioni nzima kwa swali hilo. Ziara ya namna hiyo haimo katika ripoti zetu za mwezi, na ninaomba iingizwe.

Wenzangu, mtakaporudi vituoni, mkimaliza kumpima mgonjwa mgeukieni aliyemleta. Mwulizeni jana alilala saa ngapi, amekula nini, na nani anampokea.