GAZETI HILI NI LA NANI?

Kama mna gazeti darasani, liwekeni mezani. Kusoma maneno yake mmekwisha kujifunza. Leo tujiulize jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: gazeti hili ni la nani?

Magazeti ni ya namna mbalimbali. Yako ya serikali, yako ya chama, na yako ya watu binafsi, yaani mtu au kampuni iliyotoa fedha zake ili kuyachapa na kuyauza.

Tutazame mambo yalivyokuwa hapa Tanzania. Mwaka 1959 Bwana Randhir Thaker wa Dar es Salaam alianzisha Ngurumo, gazeti la kila siku la Kiswahili chepesi. Baadaye chama cha TANU kikawa na gazeti lake, Uhuru. Februari 1970 Serikali ililitwaa The Standard, gazeti la Kiingereza lililokuwa mali ya kampuni ya kigeni. Nchi ilikuwa imeshika njia ya Ujamaa, na haikutaka sauti kubwa namna hiyo iwe mikononi mwa wageni. Mwaka 1976 Ngurumo nalo likakoma. Kwa miaka mingi baadaye, magazeti ya kila siku ya Bara yalikuwa Daily News la Serikali na Uhuru la chama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yakachipuka tena.

Je, yana faida gani? Fikirini fedha za kisima cha kijiji zimeliwa na wakubwa wa ofisi. Ikiwa gazeti pekee ni la ofisi hiyo hiyo, nani atauliza? Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Gazeti lenye mwenyewe mwingine laweza kuuliza.

Lakini tusidanganyike. Mwenye gazeti binafsi naye ana mapenzi yake. Hula kwa mauzo na kwa matangazo ya biashara. Kampuni inayomlipa ikikosa, huenda akanyamaza. Naye anaweza kumpenda mgombea fulani na kumsifu kila siku.

Tena, gazeti huweza kufungwa. Mwaka 2016 gazeti la Mseto lilifungiwa miaka mitatu kwa amri ya waziri. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kwamba amri ile haikuwa halali. Februari 2022 Serikali ilirudisha leseni za Mseto, Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima. Gazeti likifungwa, anayepata hasara si mwandishi peke yake. Wewe msomaji umepungukiwa na shahidi mmoja, na shahidi aliyebaki huna wa kumlinganisha naye.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, tafuteni gazetini jina la mchapishaji. Pili, someni habari moja katika magazeti mawili ya wenyewe mbalimbali. Tatu, tazameni kila moja limeacha nini. Msomaji anayefanya hivyo si rahisi kumdanganya.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Gazeti lenu ni la nani?
2. Ni habari gani ya hapa kwenu ambayo gazeti hilo lingeogopa kuiandika? Kwa nini?
3. Nani angeweza kuiandika?